Ulanzi wa Mwezi wa Nane

Mwezi wa nane hakuna ulanzi. Nalisema mapema kabisa, kwa sababu watu wazima wenye akili zao, waliozaliwa na kukulia katikati ya mianzi hii ya Kilolo, walilisahau jambo hilo siku moja, na siku hiyo wakampiga mtu kama nyoka aliyeingia ndani. Mwanzi hutoa maji yake mvua ikinyesha. Mvua ikikata, chonga chipukizi mpaka kisu kiishe makali, hupati hata tone la kulowanisha ulimi. Mtoto wa chekechea analijua hilo. Lakini hasira ikishapanda kichwani, nani anakumbuka ni mwezi wa ngapi?

Mimi ni Devota. Nina kilabu cha pombe hapa barabarani: ulanzi wakati wa mvua, komoni ya mahindi wakati wa kiangazi. Mdomo wangu unajulikana tangu huku mpaka Iringa mjini. Anayetaka kuniita mlevi na aniite, lakini kwanza akae anisikilize habari ya Kalinga.

Kalinga alikuwa mgema, na mgema kwelikweli. Asubuhi na jioni alipita kwenye mianzi yake, akachonga ncha ya chipukizi kwa kisu kidogo, akatundika mbeta, kile kipande cha mwanzi kinachokinga maji, akaenda kwenye shina jingine. Sasa kazi hii ina ubaya wake. Lazima uonje kila mbeta, maana mbeta moja ikichacha vibaya ukaimimina kwenye dumu, umeharibu dumu zima. Kwa hiyo mgema hata chai hajanywa, ameshaonja shamba zima. Wanasema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi nilimsifu Kalinga kila siku na hakutia maji hata siku moja. Shida ni kwamba nusu ya ulanzi mzuri aliitia tumboni mwake.

Na akishalewa, alipiga. Sitaki kulifunika jambo hili kwa sababu mtu amekufa. Mkewe Apolonia, tunayemwita Mama Lea kwa jina la binti yao, alipigwa kwa mkanda, kwa ukuni, kwa sufuria yenye mboga ndani yake. Alipigwa kwa sababu ugali umepoa, na kesho yake kwa sababu ugali ni wa moto. Mara ngapi alikuja mbio kilabuni kwangu, kanga imechanika, damu inamtoka puani, na yule mshenzi nyuma yake anayumba na fimbo! Siku moja nilisimama mlangoni na kata ya komoni inayochemka. Nikamwambia, "Kalinga, leta huo mguu wako ndani. Ulete, nikubabue kama nguruwe." Akanitazama, akatema mate, akarudi. Wanaume waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi hawakunyanyua hata kichwa. Ati ni mambo ya ndoa! Ndoa gani hiyo ya kutoana damu?

Mwisho wake alimvunja mkono kwa mchi wa kutwangia. Niliusikia mlio wa mfupa nikiwa barabarani, na sijausahau. Apolonia ana kaka wawili, Zabron na Sosthenes, wakulima wa vitunguu kule Ruaha Mbuyuni, watu wenye mabega. Walipopata habari walipanda na lori lao siku hiyohiyo, lakini Kalinga alikuwa ameshatoroka. Tukasikia yuko Chunya, machimboni, anachimba dhahabu.

Huko Chunya hakuna mianzi, ila gongo ipo tele. Akabadilisha kinywaji, basi. Mpaka siku moja, akiwa shimoni na wenzake, akatapika damu. Si kidogo, wanangu. Alinieleza mwenyewe: ilijaa kwenye beseni la kuoshea mchanga, nyeusi na nyekundu, na wenzake wakakimbilia kamba ya kupandia wakijua amerogwa. Alivutwa juu kama mzigo. Hospitalini wakamwambia ini lake limejaa makovu, limekuwa gumu, na kwamba akinywa tena, ajichimbie kabisa na kaburi maadamu kuchimba anakujua.

Akarudi amekonda, macho yametumbukia ndani, mkavu wa pombe. Likaitwa baraza la familia nyumbani kwa Apolonia. Kaka zake walikaa upande mmoja na fimbo zao zimelala miguuni, na mimi nilikuwepo kama jirani. Kalinga akapiga magoti kwenye vumbi. Akasema, "Mashemeji, pombe nimeiacha. Siku nikinywa tena, nipigeni mpaka mchoke ninyi."

Zabron akamwambia, "Umesema mwenyewe."

"Nimesema mwenyewe."

Apolonia akatoa sharti lake juu ya hilo. Hakutaka viapo, viapo alishavisikia vya kutosha. Alitaka kila jioni, kabla mumewe hajavuka kizingiti, amnuse mdomo.

Na ndivyo ilivyokuwa. Ukipita pale jioni ungeona mchezo. Kalinga amesimama nje kama mwanafunzi aliyechelewa, Apolonia yuko mlangoni, mkono wake uliopinda ameushika kwa ule mzima, na nyuma ya mlango kuna mchi. Uleule. Hakuutupa. "Pumua," anasema. Kalinga anainama, anampumulia haaa. Mama anavuta pua, anangoja kidogo, kisha anasema, "Pita." Hapo ndipo bwana anaingia kula. Watu walimcheka sana. Walimwita Kalinga wa Kupumua. Hakujibu mtu.

Kazi aliendelea nayo, ila kuonja alikoma. Aliniletea mbeta zake kilabuni, mimi nikaonja, nikamwambia hii tia, hii mwaga. Mgema asiyeonja! Nilimtania, "Kalinga, wewe sasa ni kama padri anayefungisha ndoa." Akacheka mpaka akashika mbavu. Masika mawili alifanya hivyo na sikumwona akilamba hata kidole. Nawaambia mimi niliyekuwa na madumu yenyewe, na ambaye ningefurahi kumuuzia. Apolonia akaanza kunenepa. Akaanza hata kuimba akifua.

Lakini ini lilikuwa limeshakwenda, na sisi hatukujua. Tumbo la Kalinga likaanza kutoka mbele huku miguu ikibaki kama ya korongo, tukasema kitambi cha amani hicho, mke anamlisha. Macho yakawa ya manjano, tukasema ni moshi wa jikoni. Akaanza kusinzia mchana, ameshika kisu mkononi, na usiku anazungukazunguka ndani kama mlinzi. Akavaa shati nje ndani akaenda nalo kanisani. Akisema anyooshe mikono mbele, viganja vinadondoka na kuinuka, vinadondoka na kuinuka, na kisu kinamponyoka. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwenye mabenchi yangu nilisikia, "Yule anakunywa kwa siri. Tazama mikono." Nikawaambia wafunge midomo yao waliyoifungulia kunywa kwa mkopo. Lakini neno likishatoka halirudi, na Apolonia naye ana masikio.

Kuna jambo Kalinga alilificha, nadhani kwa woga wa kurudishwa hospitali. Choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Damu ilikuwa inavuja ndani, taratibu, na yeye kimya.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya gulio, ule mwezi wa nane, baridi na upepo wa vumbi. Zabron na Sosthenes walikuwa wamepandisha vitunguu kuja kubadilisha na viazi, lori lao limesimama mbele ya kilabu changu. Mchana, Kalinga akatoka kwenye mianzi anayumba. Akapita katikati ya wauza nyanya, akakanyaga mali za watu, akakojoa kwenye ukuta wa duka, watu wanatazama. Alikuwa anaongea, lakini maneno yanatoka yamelainika kama uji. Akafika kwake. Apolonia alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshaambiwa.

"Pumua," akasema.

Akapumua. Apolonia mwenyewe aliniambia baadaye: harufu iliyomjia ilikuwa tamu, nzito, iliyooza, na mwili wake wote ukatetemeka kabla hajafikiri. Ulanzi uliochacha, ule mkali tunaouita mkangafu. Ile harufu ya miaka yote. Na Kalinga akainua mkono, ule mkono wake unaodondoka, sijui alitaka kushika mlango au alitaka kumshika mkewe bega. Apolonia aliona mkono umeinuka tu. Akafikia mchi.

Pigo la kwanza lilimpata begani, la pili ubavuni. Akaanguka kizingitini. Apolonia akapiga tena huku analia, anapiga na kulia, "Ulisema! Ulisema!" Mama wa watu aliyepigwa nusu ya maisha yake bila kuinua kidole, siku hiyo aliinua mkono mmoja mzima na mmoja uliopinda, na mchi ukashuka. Kaka zake wakaja mbio kutoka gulioni. Hawakuuliza. Zabron alimvuta kwa kola mpaka uwanjani, Sosthenes akaleta kamba ya kufungia magunia, wakamfunga kwenye nguzo ya jiko, wakaanza na fimbo. Mgongoni, mapajani, mikononi. Kijiji kizima kimezunguka, wengine wanahesabu, wengine wanacheka. Kalinga anasema, "Siyanywa. Siyanywa, shemeji." Ulimi umekufa hata herufi hazitoki. Wakamwigiza. Siyanywa! Wakacheka zaidi.

Mimi nilikuwa nyuma nakoroga komoni. Nilipotoka na kuambiwa Kalinga kalewa ulanzi, nilipiga hatua chache hivi, nikasimama. Ulanzi? Kisha nikaanza kukimbia, mwiko wangu mkononi.

Niliwapasua watu kwa mwiko, kichwa hiki, bega lile. "Kanywa nini?" nikauliza.

"Ulanzi, Devota," akasema Zabron, anahema. "Njoo unuse mwenyewe."

Nikainama, nikanusa. Tamu, ndiyo. Lakini ulanzi mimi naujua kuliko jina langu, na ule haukuwa ulanzi. Ulikuwa utamu wa kitu kilichooza, na ndani yake uvundo kama ghala lenye panya. Nikamfunua jicho, manjano tupu. Halafu nikaona damu. Inatoka kwenye ufizi, inatoka puani, inatoka pale kamba ilipomchubua kidogo tu, na haikuwa inakoma. Mtu akichubuka damu hutoka ikaganda. Hii ilikuwa inatiririka tu kama mbeta iliyojaa.

Nikasimama, nikageuka. Nilipiga kelele mpaka koo likauma. "Ulanzi mwezi wa nane kautoa wapi? Eh? Mimi mwenye kilabu sina! Nani anao hapa? Auonyeshe! Nani kamuuzia?"

Niliwaona wakikumbuka, mmoja baada ya mwingine. Fimbo ya Zabron ilikuwa bado juu. Nikamzaba kofi lililouumiza mkono wangu siku nzima, na yule mwanaume mwenye mabega yale akalipokea. Apolonia alikuwa amekaa kizingitini, mchi mapajani, anatazama mikono yake.

Walimpakia kwenye lori lao, juu ya magunia ya vitunguu, kichwa chake mapajani mwa Apolonia. Mimi nilipanda nyuma nao. Njia yote ya kushuka Iringa damu iliingia kwenye magunia, na Apolonia aliifuta kwa kanga, akaikamua nje ya lori, akaifuta tena.

Daktari aliyetupokea aliitwa Evarista, mwanamke mdogo mwenye sauti ya chini. Alimtazama mgonjwa, akatazama alama za fimbo, akatutazama sisi. "Nani kampiga?" Akafanya kazi yake kwanza. Baadaye alitoka akakaa nasi kwenye benchi, akatueleza, na mimi nilishika kila neno.

Alisema ini halilalamiki. Unaweza kuliharibu zaidi ya nusu, nalo linaendelea kufanya kazi, na wewe hata kuumwa husikii. Chochote unachokula na kunywa, damu inakibeba kutoka tumboni inapita kwanza kwenye ini, linachambua, linasafisha, ndipo damu iende kwingine. Ini la Kalinga pombe ilikuwa imelijaza makovu zamani, hata kabla hajaacha. Damu ikikosa njia ya kupita kwenye makovu, hurudi nyuma, inaijaza mishipa ya koo la chakula mpaka inavimba na kupasuka. "Ndiyo maana alitapika damu Chunya," akasema. "Na safari hii imekuwa ikivuja ndani. Damu iliyovuja tumboni, utumbo unaisaga kama nyama, na inatoa sumu. Ini zima lingeisafisha. Hili haliwezi. Sumu inapanda kwenye ubongo. Mtu anayumba, anasahau, ulimi unakuwa mzito, mikono inadondoka. Analewa bila kunywa."

"Na harufu?" akauliza Apolonia.

"Ni ya hukohuko, mama. Ni uchafu ambao ini limeshindwa kuuondoa, anautoa kwa pumzi. Ini likifa mdomo hunuka hivyo."

"Kwa hiyo hakunywa."

"Nimempima. Hana pombe mwilini hata kidogo."

Sosthenes akaanza kulia kwa sauti, jitu zima. Zabron akauliza kama atapona. Daktari akasema kitu kinachogandisha damu nacho hutengenezwa na ini. Fimbo zile mtu mwingine angezilalia siku chache, akaamka. Kalinga anavuja chini ya ngozi kila zilipotua. Kuna nchi ambako mtu huwekewa ini la mwingine, akasema, lakini huyu hata safari yenyewe haiwezi.

Walimpa dawa ya kumharisha ili sumu itoke, wakamwongezea damu. Na asubuhi moja, ajabu ya Mungu, akaamka na akili zake. Macho ya manjano, lakini yanakuona. Mimi na Apolonia tulikuwa kando ya kitanda chake.

"Mama Lea," akasema, "ninaumwa mwili mzima. Nani kanipiga?"

Mimi ningesema uongo. Nilishaufungua mdomo niuseme. Apolonia akaniwahi. "Ni mimi, Baba Lea. Mimi kwanza, halafu kaka zangu."

Kisha akauliza kwa woga, kama mtu asiyejua mwenyewe. "Kwani nilikunywa?"

Jamani, hilo ndilo lililoniua. Hakujua! Ameshika neno lake masika mawili, na mwishoni hata yeye hakuwa na uhakika nalo.

"Hukunywa," akasema Apolonia. "Daktari amepima. Hukunywa kabisa."

Machozi yakamshuka hadi masikioni. "Basi waambie," akasema. "Wote waliokuwepo. Waambie, usiwafiche."

Mchana ule mishipa ikapasuka tena. Alitapika damu mpaka ikafika ukutani, ikamjaa Apolonia kifuani, wauguzi wawili wanamshika na bado anaruka. Haikuwa kufa kwa kulala. Alipigana mpaka dakika ya mwisho, kisha akalegea.

Sasa sikilizeni ya msibani. Tulimrudisha nyumbani, watu wakajaa, mtendaji wa kijiji akakaa mbele kwenye kiti cha plastiki. Usiku wa kuamkia maziko Zabron alimwambia dada yake maneno ambayo nami niliyasikia: ini ni ini, pombe ndiyo iliyoliharibu, hata daktari kasema. Ya fimbo tuyazike naye, usije ukatuingiza jela sote, na wewe mwenyewe ukiwa wa kwanza. Nami nisingemlaumu Apolonia kama angenyamaza. Mwanamke aliyevunjwa mkono na marehemu, nani angemdai chochote?

Kabla ya kuaga mwili, Zabron akasimama kwa niaba ya familia. Akasema ndugu yetu alikuwa mchapakazi, ila pombe ilimshinda, nayo imemmaliza, vijana mjifunze. Watu wakatikisa vichwa. Nikasikia nyuma yangu mtu ananong'ona, "Siyanywa," na mwenzake akazuia kicheko.

Apolonia akainuka kwenye mkeka. Hakupaza sauti, lakini upepo ulikuwa umetulia na kila mtu alisikia.

"Kaka yangu amewadanganya. Huyu mtu alinipiga miaka mingi, na ninyi nyote mlikuwepo. Kisha akaacha. Siku tuliyompiga alikuwa hajanywa. Alisema hajanywa, tukamcheka. Mimi ndiye niliyeanza, kwa mchi wangu. Mtendaji, upo, umesikia."

Zabron akajifunika uso. Mtendaji akatazama viatu vyake.

Apolonia akaenda kwenye jeneza. Akashika ukingo kwa mkono wake uliopinda, akainama mpaka pua yake ikagusa midomo ya mumewe, akavuta pumzi, akangoja kidogo kama alivyozoea kungoja.

"Pita," akasema.

Kisha akawaambia wanaume walete kifuniko.